Upe Upepo Mgongo

Mhadhara kwa wakaazi wa Makunduchi juu ya vimbunga vya Bahari ya Hindi na namna vinavyofuatiliwa



Nimekuja kulipa deni. Aprili 2021, katikati ya Ramadhani, redio na simu zilitangaza kwamba kimbunga Jobo kinakuja pwani ya Tanzania. Wavuvi walipandisha ngalawa zao mpaka kwenye minazi, nyavu zikabebwa majumbani. Tukangoja. Ikavuma kidogo, ikanyesha kidogo, basi. Kulipokucha mzee mmoja, ambaye simtaji kwa sababu yumo humu ndani na ananitazama, alinifuata dikoni akanambia: "Maalim, hao watu wako wametupandishia vyombo bure. Futari tumekopa dukani. Mara ya pili wasinambie kitu."

Mimi nimesomesha jiografia miaka mingi, lakini asubuhi ile sikuwa na jibu la kumtosha. Nilisema maneno mawili matatu ya kitabuni, akacheka, akaenda zake. Leo nitajaribu tena, na ikiwa mwisho wa mhadhara bado atacheka, basi nitakubali kwamba nimeshindwa.

Jina na kitu chenyewe

Lugha yetu haina umaskini wa maneno katika jambo hili. Tuna chamchela, kile kinachozunguka uwanjani dakika mbili tatu kikapeperusha majani na kanga kwenye kamba. Tuna dhoruba, tuna tufani. Na tuna kimbunga, ambacho leo wataalamu wamekishika kwa maana moja maalumu: mzunguko mkubwa wa upepo na mawingu, upana wake mamia ya kilomita, unaozaliwa juu ya bahari yenye joto na kuishi siku kadhaa, pengine wiki mbili. Wamarekani wanakiita jina lao na Wajapani lao, lakini mnyama ni yule yule.

Chakula chake ni joto la bahari. Maji yakiwa na joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi, na joto hilo likishuka chini kiasi cha mita 50, mvuke hupanda kwa wingi, huwa wingu, na katika kuwa wingu hutoa joto lake juu angani. Hewa ya chini inakimbilia kujaza pale palipopungua. Kama dunia ingekuwa imesimama, hewa hiyo ingekwenda moja kwa moja mpaka katikati, mambo yakaisha. Lakini dunia inazunguka, na kila kinachosafiri mbali juu yake hupindishwa. Upande wetu, kusini ya ikweta, upepo huo hulizunguka jicho kwa mwendo wa mshale wa saa. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa, ule mpindo wa dunia hauna nguvu karibu na ikweta. Kwa kawaida kimbunga hakizaliwi ndani ya nyuzi 5 za latitudo kila upande. Ndiyo maana Mombasa wanalala kwa amani kuliko Wamalagasi. Pemba iko kwenye nyuzi 5 hasa. Makunduchi tumepita 6. Kwa hiyo anayesema "sisi tuko nje ya njia ya vimbunga" amekaribia kusema kweli, lakini hajaifikia. Hatuko ndani ya nyumba, na hatuko nje uwanjani. Tuko kizingitini.

Kilichotokea 1872

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilivuka kizingiti. Sayyid Barghash bin Said alikuwa hajatimiza miaka miwili kwenye kiti cha usultani wa Zanzibar. Ulikuwa msimu ambao bandari ya Mji Mkongwe ilikuwa ikijaa, kwani majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalikuwa yakingoja kusi ishike ili yarudi. Kimbunga kiliyakuta yametia nanga. Merikebu za Sultani zilipotea, majahazi yakarundikana ufukweni, nyumba zikaanguka. Baadaye Sayyid Barghash aliagiza meli mpya Scotland, ile Glasgow, ambayo Waingereza waliizamisha mbele ya Forodhani tarehe 27 Agosti 1896.

Lakini hasara kubwa ilikuwa mashambani. Mikarafuu na minazi ya Unguja, mali iliyopandwa na kutunzwa kwa jasho la watumwa, ililala chini kwa sehemu kubwa. Mkarafuu si muhogo. Ukipanda leo utangoja miaka sita, saba, kabla hujachuma cha maana. Pemba, kisiwa jirani, haikuguswa kwa kiasi cha kutajika, na tangu hapo karafuu ya dunia ikawa ya Pemba. Ukiuliza kwa nini Wapemba ndio wenye karafuu, sehemu kubwa ya jibu ni upepo wa siku moja.

Tazameni hapo mambo mawili. Kwanza, baina ya Unguja na Pemba ni kiasi cha kilomita 50 tu za maji. Mmoja kaangamia, mwengine kasalimika. Pili, hakuna aliyeonywa. Waya wa simu ya baharini ulifika Zanzibar 1879, miaka saba baadaye. Hata kama nahodha mmoja alikiona kimbunga kile mbali baharini, hakuwa na njia ya kukitangulia.

Na kulikuwa na wenye ujuzi tayari. Kule Mauritius, katika miaka hiyo hiyo, Charles Meldrum alikuwa akikusanya madaftari ya manahodha wanaopita Port Louis: siku fulani, mahali fulani, upepo umetoka wapi, kipimahewa kimesoma ngapi. Anaweka daftari hili kando ya lile, anachora mishale kwenye ramani, na mishale ya meli kumi inamwonyesha kimbunga kimoja na njia yake. Kazi nzuri, lakini ilikuwa ya kumjua maiti. Kimbunga chenyewe kilikuwa kimeshapita.

Tanga mbili

Tumepata tarehe moja, 15 Aprili. Sasa niongeze nyengine. Aprili 1952, kimbunga kiliipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019, Kenneth kilipanda nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, kusini ya Mto Ruvuma, baada ya kupita kaskazini ya Ngazidja, na ndugu zetu wa Mtwara wakahamishwa kwenda penye usalama. Aprili 2021, Jobo. Tarehe 4 Mei 2024, Hidaya kilifika Mafia. Mwezi huo huo wa Mei, kimbunga Ialy kikapita baharini mbele ya pwani ya Kenya.

Aprili, Aprili, Aprili, Aprili, Mei, Mei. Si bahati nasibu. Upepo wa kaskazi na upepo wa kusi hukutana mahali, na pale panapokutana ndipo panapokaa mawingu na mvua. Januari na Februari mkanda huo uko mbali kusini, na vimbunga vyake huzungukia Madagascar, Msumbiji na Mauritius. Machi kwenda Mei unarudi kaskazini, unapita juu ya vichwa vyetu, nasi tunauita masika. Ukirudi, huja na kilichomo ndani yake.

Manahodha wa zamani waliuita wakati huo tanga mbili: chombo chaweza kwenda huku au kule, kwani kaskazi imekufa na kusi haijazaliwa. Na Makunduchi, pahala panapoadhimisha Mwaka Kogwa, hapahitaji kufundishwa kuhesabu majira. Mwaka ule wa siku 365, unaoanzia Siku ya Mwaka na kuhesabiwa kwa miongo, kumi kumi, ndio uliomwambia mkulima apande lini na nahodha afungue tanga lini. Hesabu hiyo haina siku ya nyongeza, kwa hiyo huteleza siku moja kila miaka 4 kutoka kwenye jua. Wazee walijua hivyo. Hawakuitupa kwa kuwa inateleza. Waliitumia, wakaangalia na nyota, wakaangalia na upepo wenyewe. Hiyo ndiyo akili ninayoitafuta leo.

Anayekitazama ni nani

Siku hizi kimbunga chetu kinaonekana kabla hakijawa kimbunga. Setilaiti za hali ya hewa, zilizosimama kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, huipiga picha Bahari ya Hindi usiku na mchana, kila robo saa. Setilaiti nyengine, zinazozunguka chini zaidi, hurusha mawimbi ya redio juu ya bahari na kusoma vijiwimbi vinavyorudisha mwangwi. Kwa vijiwimbi hivyo hujua upepo unavuma kwa kasi gani na kutoka wapi, mahali ambapo hakuna hata mtumbwi. Wenzetu wa Marekani hupeleka ndege zikapasua kimbunga katikati kukipima. Bahari yetu haina huduma hiyo. Mtaalamu hulitazama umbo la mawingu kwenye picha, namna yalivyojipinda na kujikaza, na kwa umbo hilo hukadiria nguvu, kama daktari anayemsoma mgonjwa kwa rangi ya macho.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekipa kituo cha Ufaransa kilichoko kisiwa cha Réunion jukumu la kuchunga upande wetu wote wa bahari. Kila baada ya saa 6 kituo hicho hutoa taarifa mpya. Upepo ukifikia kilomita 63 kwa saa, mzunguko hupewa jina, na wanaotoa jina ni Mauritius au Madagascar, kutegemea umezaliwa upande gani. Ukifikia kilomita 118 hivi ndipo huitwa kimbunga kamili. Majina yenyewe huletwa na nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwemo. Ndiyo maana unaweza kusikia Hidaya, jina ambalo katika ukumbi huu nikiliita watasimama watatu.

Baada ya hapo ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Wao huchukua habari za bahari nzima wakazigeuza habari za Mafia, Unguja na Kilwa, kwa daraja tatu mnazozisikia redioni: angalizo, kwa rangi ya njano, tahadhari, rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, nyekundu.

Makumbi majini

Sasa nifike kwenye lile lililonikwamisha mbele ya mzee wangu. Kama wana macho hayo yote, kwa nini Jobo hakikuja?

Akina mama wanaofukia makumbi watanielewa upesi. Chukua makumbi hamsini, yatupe majini mahali pamoja, wakati mmoja, maji yanapotoka. Hakuna mawili yatakayokwenda sawasawa. Moja limeanguka shibiri moja kushoto, jengine limeshika wimbi kabla ya mwenzake. Baada ya dakika kumi bado yako pamoja. Baada ya saa moja yamesambaa. Siku ambayo mkondo umenyooka, yatasambaa kidogo. Siku ambayo maji yanapigana, moja utalikuta Mtende na jengine Jambiani.

Kompyuta za utabiri hufanya hivyo hivyo. Vituo vikubwa vya dunia havifanyi hesabu mara moja. Huifanya mara nyingi, vyengine mara 50 au zaidi, kila mara wakibadilisha mwanzo kidogo tu, kwa kuwa wanajua hawakuupima mwanzo sawasawa. Hutokea njia hamsini za kimbunga kimoja. Zikikaa pamoja, mtabiri hujiamini. Zikitawanyika, hukwambia eneo pana. Lile pembe linalofunuka kama tanga, mnaloliona kwenye ramani za simu, si ukubwa wa kimbunga. Ni ukubwa wa shaka.

Na shaka hiyo tuipime kwa kisiwa chetu. Utabiri wa kesho hukosea njia ya jicho kwa makumi ya kilomita. Wa siku tatu mbele huweza kukosea zaidi ya kilomita mia. Unguja, kutoka Nungwi mpaka hapa, haifiki kilomita 90. Kwa hiyo siku tatu kabla, hakuna mtu duniani anayeweza kukwambia kwa uhakika kama jicho litapita Makunduchi au Mafia. Anayekwambia anaweza, ndiye muongo.

Jobo kilikuja kweli. Kilitoka mbali, kikapita kaskazini ya Madagascar, kikaelekea usawa wa Dar es Salaam. Kikakutana na pepo za juu zilizokikata kichwa na hewa kavu iliyokinyima mvuke, kikafifia kabla hakijagusa nchi. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa na bamvua liko njiani. Kama kingefika na nguvu zake juu ya maji ya bamvua, bahari ingepanda mahali ambapo hatujaizoea, na mashamba ya mwani yangekuwa ya kwanza kutoweka.

Miaka mitatu baadaye kikaja Hidaya. Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024 safari za boti baina ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Maneno yale yale yalisikika dikoni: "Kama Jobo tu." Kesho yake kilifika Mafia, nacho kikiwa kimepungua nguvu, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa. Sisi tukapata makombo. Kutoka hapa mpaka Mafia si mbali: ule umbali wa kosa la siku tatu.

Simameni kidogo

Naomba wavuvi wasimame. Tuseme upepo unatoka kwenye ukuta ule. Upeni mgongo. Sasa nyosheni mkono wa kulia. Huko mkono unakoelekea ndiko liliko jicho.

Kanuni hii mabaharia wa dunia wanaijua kwa karne moja na nusu, na upande wetu wa ikweta ni mkono wa kulia kwa sababu ile niliyowaomba mkumbuke: upepo unalizunguka jicho kwa mshale wa saa. Basi sikilizeni, tahadhari imeshatolewa na upepo unazidi. Ukiwa unatoka kusini, ukaupa mgongo, mkono wako wa kulia unaelekea mashariki, baharini. Kiko mbele yetu. Ukiwa unatoka bara, magharibi, mkono unaelekea kusini. Kiko upande wa Mafia na Kilwa. Ukiwa unatoka kaskazini, mkono unaelekea bara. Kimeshatupita.

Na ukiona upepo unazidi nguvu saa hata saa wala haugeuki upande, basi kinakuja moja kwa moja kwako. Kikipita juu yetu kikitokea mashariki, utapigwa kwanza na upepo wa kusini, kisha patanyamaza. Pengine utaona na nyota. Usitoke. Huko ni ndani ya jicho, na baada yake utakuja upepo wa kaskazini, ghafla, kutoka upande ambao nyumba na mti havijajiegemeza. Majira mawili ya mwaka ndani ya usiku mmoja.

Lakini nawaonya. Kusi ya kila siku haina jicho. Ukiupa mgongo upepo wa Julai ukanyosha mkono, umenyosha bure. Mkono huu haufanyi kazi peke yake, unafanya kazi pamoja na taarifa. Taarifa ya Réunion haijui upepo umegeuka saa ngapi juu ya diko la Makunduchi. Wewe unajua. Wewe hujui nini kimezaliwa kilomita elfu moja mbele yako. Wao wanajua. Miongo na nyota na upepo: wazee walitumia vyote vitatu.

Deni

Mzee wangu, narudi kwako. Ulisema ulipandisha ngalawa bure. Tuhesabu. Kuipandisha ni watu wanane na nusu saa. Kukaa siku tatu bila bahari ni deni la futari, na deni hilo ni la kweli, sitalidharau. Wanaotoa tahadhari nao wanapaswa kujua kwamba kila neno lao lina bei, na bei hiyo analipa mwenye ngalawa, halipi mwenye kompyuta. Lakini ukiweka upande wa pili ngalawa yenyewe, nyavu, na watu waliomo, mizani inajipinda. Hukudanganywa. Uliambiwa kwamba katika makumbi hamsini, mengi yanakuja upande wako. Yakaja mengine pengine.

Kosa letu sisi tunaosoma ni jengine. Tulikupa neno la mwisho tu, "kimbunga kinakuja," hatukukupa hesabu. Tukakuficha shaka tukidhani itakuchanganya, wewe uliyeishi na hesabu inayoteleza maisha yako yote.

Basi ombi langu ni dogo, halihitaji mfadhili. Pale dikoni, kwenye kibanda cha bwana diko, tuweke ubao wa skuli na chaki. Tahadhari ya upepo ikitolewa, wanafunzi wa jiografia, nitawapanga kwa zamu, waandike mistari minne na kuibadilisha kila taarifa mpya inapotoka. Kiko wapi. Kinaelekea wapi. Shaka ina upana gani, kwa majina ya mahali, si kwa kilomita: "kutoka Pemba mpaka Mafia," au "kutoka Mafia mpaka Kilwa." Na maji: bamvua au maji mafu. Mstari wa tano tuuache wazi, na chaki iachwe juu ya ubao. Huo ni wa wavuvi kuandika upepo wa dikoni unatoka wapi, na umegeuka saa ngapi.

Mzee, mstari huo wa tano wa kwanza, ningependa uuandike wewe.